Kuuza Laivu: Kamera Unayo, Daftari Je?

Laivu yangu ya kwanza kujaa watu, yaani video ya mtandaoni ya papo kwa papo, niliuza magauni matatu. Waliokuwa wakitazama walipita mia mbili, mioyo inapaa kwenye skrini kama povu la sabuni, komenti zinakimbia hata sizisomi. "Dada, niwekee hilo la bluu." "Bei?" "Mkoani mnatuma?" "La maua niwekee mimi." Nilizima simu saa tano usiku, koo limekauka, nguo zimetapakaa kitanda kizima, na sikumbuki hata mmoja aliyelitaka la bluu. Asubuhi nikakuta watu wanne wananidai gauni hilohilo, nami ninalo moja. Wawili kati yao hawajarudi mpaka leo.

Nauza magauni ya mtumba, Dar es Salaam. Mtumba una tabia yake: kila nguo ni moja. Ukilikosa hilo, hakuna jingine stoo. Ndiyo maana haya ninayoyaandika yameegemea kwenye kujua nani kachukua nini, kuliko kwenye kupata watazamaji wengi. Anayeuza vitu vya katoni, sabuni au sufuria, atafuata hatua hizihizi, ila yeye usingizi wake utakuwa mtamu zaidi.

Watu hupenda kutolea mfano China. Huko Taobao, soko la mtandaoni, walianza kuuza laivu mwaka 2016, na mwaka 2018 Li Jiaqi, muuzaji wa vipodozi, alishindana na Jack Ma mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni yenye Taobao, kuuza rangi za midomo. Inasimuliwa kwamba aliuza 15,000 kwa dakika 5. Sawa. Lakini kule mteja anabonyeza kikapu palepale kwenye video, analipa, kwisha. Kwetu TikTok Shop haijafunguliwa, si Tanzania wala Kenya, na Facebook nao waliwahi kuwa na duka la laivu wakalifunga tarehe 1 Oktoba 2022. Mteja wetu anasema "nataka", halafu anatoka kwenye video, anaingia kwenye ujumbe, anaomba namba, anakwenda kwenye M-Pesa, anakuta salio halitoshi, anamsubiri mume arudi. Pesa ya laivu inadondokea njiani hapo. Kazi yako ni kuifupisha hiyo njia.

Hatua ya 1: Angalia kama mtandao unakuruhusu

Usitangaze laivu kabla hujajua kitufe unacho. TikTok wanataka uwe na miaka 18, na kwa kawaida wafuasi 1,000. Instagram nao tangu Agosti 2025 wanataka wafuasi 1,000 na akaunti iliyo wazi kwa kila mtu. Facebook ndio wepesi: akaunti iwe imefikisha siku 60 na wafuasi 100. YouTube kwa simu ni wafuasi 50.

Chagua mmoja. Siyo wenye watu wengi, bali ule ambao wateja wako wa sasa wanakuuliza bei. Wangu wako Instagram, dada zao wakubwa wako Facebook, na nilijua hilo kwa kuangalia ujumbe wa mwezi mmoja tu. Wafuasi wa kununua waache, hawavai magauni.

Hatua ya 2: Kila nguo ipate namba kabla ya jua kuzama

Hii ndiyo hatua ambayo wengi wanairuka, na ndiyo iliyoniokoa mimi. Mchana wa siku ya laivu nguo zinafuliwa na kupigwa pasi (mtumba wenye mikunjo unaonekana mtumba kweli), halafu kila moja inatundikwa kwenye henga na kubandikwa kikaratasi chenye namba kubwa ya maka peni. Namba peke yake. Usiandike "bluu ya maua", kwa sababu bluu yako na bluu ya mteja aliyeko Morogoro na skrini iliyopasuka si bluu moja.

Kwa kila namba andika kwenye daftari mapema: kifua, kiuno, urefu, bei, na kasoro. Pima kwa futi ya fundi cherehani. Lebo za mtumba zinadanganya, kwa sababu 14 ya Uingereza si 14 ya Marekani, na nguo nyingine imeshafuliwa mpaka imesinyaa. Mteja wa Kitanzania anajua kiuno chake kwa inchi, ana fundi.

Kwa laivu ya saa moja na nusu nguo 30 zinatosha. Nilishawahi kubeba 70. Kufika ya 40 nilikuwa nazitupa kama anayegawa vipeperushi.

Zipange: nzuri tatu za kuanzia, nzuri zaidi ya zote uiweke kwenye ya 12 hivi, na nyingine kali mwishoni. Uiseme mapema, "ile suti ya kijani mliyoiona asubuhi inakuja", watu watakaa.

Hatua ya 3: Simu, mwanga, bando

Tumia kamera ya nyuma. Ya mbele picha yake ni hafifu, na mara nyingi inageuza maandishi, ile namba 14 yako inasomeka kinyume. Tatizo la kamera ya nyuma ni kwamba huzioni komenti, na hapo ndipo unapohitaji mtu wa pili mwenye simu yake. Mimi ni mdogo wangu. Anakaa pembeni chini, haonekani, anasoma komenti kwa sauti na kuandika. Bila mtu wa pili, heri ubaki na kamera ya mbele na uuze nguo chache, taratibu.

Simu inayorusha laivu iweke kwenye hali ya ndege, kisha washa waifai na uipe intaneti kutoka simu nyingine. Bila hivyo itapigwa. Mama yangu alinipigia katikati ya laivu kuniuliza kama nimekula, picha ikaganda, na waliokuwa wakitazama wakaondoka nusu. Laini ya kupokelea pesa nayo isikae kwenye simu inayorusha.

Bando: picha ya kawaida ya 720p inapanda kwa kama megabiti 2 kila sekunde. Piga hesabu, ni kama MB 900 kwa saa. Laivu ya saa moja na nusu inataka GB 1.5 na ya akiba juu yake. Kinachoangaliwa ni kasi ya kupandisha, siyo ya kushusha. Fungua fast.com, subiri, bonyeza kuonyesha zaidi, usome ile ya kupandisha. Ikiwa chini ya 4, sogea dirishani au upande ghorofani kwa jirani. Mimi chumba changu kina kona moja tu yenye mtandao wa kueleweka, na kamba ya nguo nimeifunga hapo hapo, kabati ndilo lililohama.

Mwanga uwe mbele yako, usiwe nyuma. Taa ya duara ni nzuri ila balbu mbili nyeupe za kawaida pande mbili za kamera zinafanya kazi. Balbu ya njano inageuza nguo nyeupe kuwa maziwa ya mtindi na mteja atakurudishia. Uwe na taa ya kuchaji karibu, umeme ukikatika.

Na redio izimwe, hata ya jirani ukiweza. Mitandao inautambua muziki wenye haki za watu na inaweza kukukatia sauti, ukawa unapunga nguo kama bubu.

Kabla ya siku yenyewe, fanya jaribio. Facebook wanakuruhusu kwenda laivu ukichagua "mimi pekee". Rusha dakika 5, itazame, ujione unavyosimama mbele ya nguo unayoiuza.

Hatua ya 4: Siku na saa, usibadilishe

Mimi ni Jumanne na Ijumaa, saa tatu usiku. Taarifa ya habari imeisha, vyombo vimeoshwa, watoto wamelala au wanajifanya. Ramadhani nasogeza mpaka baada ya tarawehe. Siku za tarehe 25 mpaka 5 nabeba nguo za bei ya juu. Katikati ya mwezi nabeba za elfu saba, elfu nane, kwa sababu mifuko imekauka na hakuna maneno matamu yatakayoilowesha.

Tangaza mara tatu: jana yake usiku, asubuhi kwa picha ya nguo mbili zenye namba zake, na nusu saa kabla kwenye status ya WhatsApp. Wateja waliowahi kulipa waandikie mmoja mmoja. "Shoga, leo nina la saizi yako, namba 9." Ujumbe huo mmoja unashinda matangazo ishirini, na ndio unaokupa watu kumi wa mwanzo, ambao ndio kazi yao ni kuchangamsha. Laivu tupu haimvuti mtu, kama mgahawa usio na mteja.

Hatua ya 5: Fungua kwa kusema sheria

Dakika tano za kwanza salimia watu kwa majina. Mwenye umri wake mpe shikamoo yake, hata kama ni kwenye skrini. Nina mteja yuko Muscat anayemnunulia mama yake wa Tanga, na alibaki kwangu kwa sababu ya shikamoo hiyo. Waulize swali ambalo kila mtu anaweza kulijibu kwa neno moja: uko mkoa gani? Komenti zikimiminika, mtandao wenyewe unaanza kuwasukumia video watu wengine. Na wewe umejua nauli za kuwaambia.

Kisha sheria, na uzirudie kila baada ya dakika kumi kwa sababu watu wanaingia na kutoka:

Anayetaka anaandika NACHUKUA na namba. Siyo "niwekee", siyo "nimeipenda", siyo moyo. "Niwekee" ni ugonjwa. Anayesema niwekee hajaamua, anataka wewe uamue kwa niaba yake, na ukiiweka utakuwa umemnyima aliyeamua.

Wa kwanza ni yule aliyetangulia kwenye skrini yetu sisi. Laivu inachelewa sekunde kadhaa, na kila mtu kwake anajiona wa kwanza. Sema hili kabla ugomvi haujaanza.

Malipo ni mpaka kesho saa sita mchana. Ikipita, nguo inakwenda kwa wa pili.

Sheria hizo ziandike kwenye komenti moja na uibandike juu. Namba za simu zisiandikwe kwenye komenti, mkumbushe kila anayejaribu, aitume kwenye ujumbe wa ndani. Kuna watu wanashinda kwenye laivu za wenzao wakiokota namba, halafu wanampigia mteja, "ni sisi wa magauni, tuma hapa." Mteja wangu mmoja alituma. Alinilaumu mimi, na sikuwa na la kujibu, kwa sababu namba aliiandika mbele yangu nikanyamaza.

Hatua ya 6: Nguo moja, dakika mbili

Bei itaje. Hakuna kitu kinachoua laivu kama "bei njoo inboksi"; mteja akishasikia hivyo anajua anapimwa sura. Hivi ndivyo ninavyoionyesha moja:

"Namba 14. Kumi na nne. Gauni la pamba, kijani cha jani la mgomba, mikono mifupi. Lebo inasema 14, achaneni nayo. Kifua inchi 40, kiuno 34, urefu kutoka begani 47, kwa mimi mfupi linanifika hapa. Linavutika? Tazama navuta… halivutiki, kwa hiyo mwenye kifua 42 usijidanganye mpendwa. Zipu iko mgongoni, nashusha, napandisha, haikwami. Kasoro: sogea hapa kwenye pindo, mnaona? Doa dogo kama punje ya mchele, nimelifua mara mbili limegoma. Elfu 12. Anayechukua aandike NACHUKUA 14."

Kisha nyamaza. Sekunde kumi, gauni likiwa limesimama mbele ya kamera. Ukimya unatisha mwanzoni, unatamani kuujaza na maneno, ila ndio muda ambao mtu anaandika. Mdogo wangu akisema "imekwenda, wa pili yupo", natundika upande wa pili wa chumba na kuendelea.

Kasoro uioneshe kwa mkono wako mwenyewe. Tangu nianze kuonyesha madoa, wanaorudisha nguo wamebaki wa kuhesabu, na kuna wanaoinunua kwa sababu ya doa lenyewe, wanajua nimeshusha bei.

Wa "bei ya mwisho?" mjibu mara moja kwa upole: ukichukua tatu napunguza elfu 3. Umpe kila mtu masharti hayohayo, kwa sababu wanasikia wote. Anayekutukana usimjibu, msaidizi amzuie kimyakimya. Mimi nilishawahi kujibu. Watu waliongezeka sana kutazama ugomvi, na sikuuza hata kitambaa cha kichwa.

Hatua ya 7: Daftari

Daftari la kawaida, la mistari. Mstari mmoja kwa namba moja, na nguzo hizi: namba, bei, wa kwanza, wa pili, wa tatu, mahali, amelipa, imetumwa. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye akaunti, pamoja na tarakimu na vistari vyake, kwa sababu kina Mwajuma ni wengi.

Nguzo ya "wa pili" usiidharau. Kwenye laivu nzuri karibu kila nguo kali ina wa pili, na wa kwanza kunyamaza ni jambo la kawaida kabisa. Ukimkosa wa pili umebaki na gauni na hadithi.

Nilijaribu kutumia simu kuandika haya. Msaidizi akawa anahama kutoka komenti kwenda programu ya kuandikia na kurudi, akirudi komenti zimeshapanda. Karatasi ikashinda.

Hatua ya 8: Pesa

Laivu ikizimwa, usilale. Usiku huohuo, kabla moto haujapoa, kila wa kwanza anatumiwa ujumbe mmoja wenye kila kitu: picha ya nguo yake, namba, bei, nauli, jumla, lipa namba na jina litakalotokea akilipa. Jina ni muhimu. Akiona jina tofauti na uliloandika ataogopa, na ana haki.

"Namba 14, gauni la kijani, 12,000. Parseli Dodoma 5,000. Jumla 17,000. Lipa namba hii, litakuja jina hili. Mwisho kesho saa sita mchana." Asihitaji kuuliza swali lolote. Kila swali analouliza ni saa moja imepotea.

Malipo yanathibitishwa kwa salio lako, siyo kwa picha ya skrini aliyokutumia. Ujumbe wa muamala unatengenezwa na mtoto wa sekondari. Fungua menyu, angalia, ndipo uandike tiki.

Wa Dar wanaotaka kulipa wakipokea: nauli ya boda walipe kwanza. Niliwahi kumtuma kijana mpaka Mbagala, mteja akazima simu, nikalipa nauli ya kwenda na ya kurudi kwa gauni la elfu 9.

Mauzo ni mauzo hata yakiwa ya chumbani, kwa hiyo TIN, namba ya mlipakodi, uwe nayo na weka kumbukumbu. Daftari lilelile linakufaa mbele ya TRA, watu wa kodi. China, Desemba 2021, muuzaji mkubwa wa laivu anayeitwa Viya alitozwa yuani bilioni 1.34 kwa kukwepa kodi. Sisi hatufiki huko, ila lipa namba inaacha nyayo.

Hatua ya 9: Kesho yake

Saa sita mchana inapigwa, mdogo wangu anapitia nguzo ya "amelipa". Palipo wazi anamwandikia wa pili. Hamgombezi wa kwanza, anamwambia tu nguo imeendelea na safari na Ijumaa tupo. Gauni namba 14, lile la punje ya mchele, wa kwanza alinyamaza. Saa sita na dakika tano wa pili alipata ujumbe, saa saba alikuwa ameshalipa, na parseli ililala kwenye basi kuelekea Dodoma.

Parseli za mikoani zipakie kwenye mfuko mgumu, andika jina na simu ya mpokeaji pande zote mbili, namba ya nguo ndani. Risiti ya basi ipige picha na umtumie mteja kabla hujaondoka kituoni, maana risiti ikipotea unaanza kumbembeleza karani.

Video ya laivu ishushe kwenye simu. Facebook wanaifuta baada ya siku 30. Kata vipande vya nguo ambazo hazikuuzwa, sekunde thelathini kila kimoja, bei na vipimo vikisikika, uviweke Jumatano na Alhamisi. Nyingine zinaondoka hapo hapo bila laivu.

Laivu inayofuata usianzie tena namba 1. Endelea na 31 mpaka mwezi uishe, vinginevyo mtu atatazama kipande cha Jumanne, aandike NACHUKUA 6, na 6 ya Ijumaa ni sketi ya mtoto.